Tabora Kasoro Mmoja

Mjukuu wangu Benedikti ana ugonjwa wa namba. Akishika simu yake hatafuti nyimbo kama wenzake. Anatafuta mto upi mrefu, mlima upi umezidi, nchi gani ina ng'ombe wengi. Siku niliyorudi Urambo kutoka Tabora kwenye arobaini ya Mwanaidi, nilikaa ukumbini na kanga ya msiba bado kiunoni, akaja kunifariji kwa njia anayoijua. Akanisomea miji mikubwa ya Afrika kwa wingi wa watu wake: Kairo, Lagos, Kinshasa, Dar es Salaam, mamilioni juu ya mamilioni. Alishuka na orodha mpaka mwisho kisha akaniangalia kwa huruma. "Bibi, Tabora haimo kabisa." Nikamwambia hilo nililijua kabla mama yake hajazaliwa. Akauliza ni nani anayewahesabu watu wote hao. Nikamjibu kwamba mimi nilipata kuwa mmoja wao, kwamba nilihesabu mtaa mzima wa Tabora kwa mkono wangu, na nikapunguza mtu mmoja. Akacheka, akasema katika mamilioni mmoja si kitu. Sikumlaumu, ana miaka kumi na sita. Lakini usingizi ulinipotea, na asubuhi niliomba daftari.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Waingereza walitaka kujua wanatawala watu wangapi, wakaajiri makarani, wote wanaume, na mjini Tabora mambo yakakwama hapo hapo. Nyumba za watu wa mjini, wale Waislamu wa siku nyingi ambao babu zao walifika na misafara, hazikumruhusu mwanaume wa nje apite uani. Akibisha hodi alijibiwa kutoka nyuma ya pazia kwamba mwenye nyumba hayupo, na mazungumzo yakaishia hapo. Basi boma likawaomba masista waliotusomesha watoe wasichana wanaojua kuandika na wasiotetemeka mbele ya watu wazima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na kutetemeka nilitetemeka ila nilijua kuficha. Wakanifunga utepe mwekundu mkononi, wakanipa ubao wa kuandikia, kalamu ya risasi na kipande cha chaki cha kutia alama kwenye milango, nami nikajiona nimekuwa serikali.

Kwetu kulikuwa mbali, upande wa Kipalapala, kwa hiyo nilitafutiwa chumba mjini kwa Mwanaidi. Mumewe, Ramadhani, alikuwa fundi wa reli, na siku nyingi za wiki alikuwa njia ya Kigoma. Mwanaidi alinizidi miaka saba au minane tu, lakini alikuwa na uzito wa mtu mzima, hasemi neno mpaka amelipima. Chumba changu kilikuwa cha mwisho karibu na ua: kitanda cha kamba, ndoo, msumari wa kutundikia gauni la Jumapili. Kuta za ndani hazikufika juu, na lililosemwa chumba kimoja lilisikika vyote. Asubuhi tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, jioni ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na Ijumaa wali. Mwanaidi alinitania kwa ajili ya rozari yangu. Alisema hajaona mtu anayehesabu shanga zile zile kila siku na bado hajui ziko ngapi. Nami nilimwambia hata yeye ana tasbihi. Tulicheka, tukaendelea kuchambua mchele.

Katika nyumba ile alikuwamo mtoto wa kike wa miaka minne aliyeitwa Jalala. Alikuwa na kichwa kikubwa, jino moja la mbele limekatika, na sauti nzito isiyolingana na mwili wake, hivi kwamba akikuamkia kutoka nyuma unageuka ukitazamia mzee. Siku ya kwanza niliposikia jina lile nilidhani ni utani mbaya. Kalunde, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kinyamwezi wa makamo, ndiye aliyenieleza tukiwa kisimani. Mwanaidi alikuwa amezika watoto wanne, na hakuna aliyefikisha mwaka. Wa tano alipozaliwa, mkunga hakumpa mama. Alimlaza kwenye ungo mkuukuu, akamtoa nyuma ya nyumba, akamweka juu ya jalala penye majivu na pumba. Kalunde akapita pale kama mtu anayekwenda zake, akapiga ukelele kwamba ameokota kitu, akakileta mlangoni na kumuuzia Mwanaidi kwa kikombe cha chumvi. Kusudi kifo kikirudi kumtafuta mtoto wa Mwanaidi, kiambiwe hana mtoto. Ana takataka aliyonunua.

Jina la kweli mtoto alipewa kwa mnong'ono sikioni, na mama peke yake alilijua. Hata Ramadhani alimwita Jalala. Tangu siku ile wanawake wale wawili walimkana kwa zamu. Ukimwuliza Mwanaidi, mtoto ni wa Kalunde. Ukimwuliza Kalunde, ni wa watu. Alikula nyumba hii akalala ile, kesho yake kinyume chake, asipate kuzoeleka mahali pamoja. Na siku za baridi, pepo za kiangazi zilipovuma Tabora na kutia vumbi hata ndani ya sufuria, alijipenyeza chumbani kwangu bila kuuliza, akalala amenibana mgongoni. Miguu yake ilikuwa ya baridi daima. Hata sasa nina baadhi ya asubuhi ninazoamka na baridi ile hapa chini ya mbavu, na nimezeeka vya kutosha kutoona haya kusema hivyo.

Wiki zilizotangulia hesabu, mji ulikuwa na joto la mashindano. Wanaume waliokaa baraza la nyumba iliyotukabili hawakuwa na habari nyingine. Mimi na Mwanaidi tuliwasikia kutoka nyuma ya mlango wa mbele, tukiwa na kazi za mikono zisizokwisha. Mmoja alisema Dar es Salaam imekwisha kutupita, mwingine akala kiapo kwamba Mwanza haitatupita akiwa hai, wa tatu akaleta Nairobi na Kampala, wakamwambia anyamaze kwa sababu hajafika hata Nzega. Mzee mshona kofia, ambaye baba yake alikuwa mpagazi, alisema kwamba zamani za pembe na misafara hapakuwa na mji wa bara uliofikia Tabora, na wapagazi walijaa mpaka visima vikakauka kabla ya jua kupanda. Mtu akamwuliza hao watu wote wako wapi sasa. "Wako njiani," mzee akajibu. "Toka hapa mpaka pwani, ile njia ina watu wengi kuliko mji wowote. Ila hakuna karani wa kuwaandika." Nyuma ya mlango Mwanaidi akaacha kushona kwa kitambo.

Msimamizi wetu, karani wa boma mwenye miwani iliyofungwa uzi, alituhubiria kanuni moja mpaka tukaiota. Anayehesabiwa ni aliyelala ndani ya nyumba usiku wa kuamkia siku ya hesabu. Usiulize mtoto ni wa nani, alisema, uliza amelala wapi. Mwenye nyumba akiwa safarini aandikwe huko huko alikolala, na mgeni aliyelala kwako aandikwe kwako. Nilikuwa wa kwanza kujibu maswali yake yote. Alinisifu mbele ya wanaume, nikalala na sifa zile siku tatu.

Siku yenyewe nilianza na nyumba niliyoishi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya kwanza mtaani. Nilifanya jambo la kijinga ambalo lilionekana la lazima: nilitoka nje na ubao wangu, nikafunga mlango, kisha nikageuka nikapiga hodi. Mwanaidi alinikaribisha kama hajapata kuniona. Alikuwa amejifunga kanga mpya, amenitandikia mkeka, na akanipa uji katika kikombe cha wageni. Nilijiandika mimi mwenyewe, nikamwandika yeye. Ramadhani alikuwa kwenye treni, akaandikwe huko. Jalala alikuwa ameketi juu ya miguu yangu, ameshika chaki yangu kwa mikono miwili.

"Watoto?" nikauliza.

"Sina."

"Na huyu?"

"Huyu wa Kalunde. Kaulize kwa Kalunde."

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, na macho yake hayakunitazama mimi, yalitazama dari. Nilipoinuka alinifuata mpaka mlangoni, na hapo alisema kwa sauti yake ya kila siku. "Luiza, wale wanne niliwahesabu. Kila aliyeniuliza una wangapi, nilimjibu. Huyu niachie."

Nikaenda kwa Kalunde, Jalala akinifuata ameshika gauni langu. Kalunde alikuwa akitwanga. Alijitaja yeye na mama yake mkongwe, basi. Nilipomwonyesha mtoto kwa kidevu, maana nilikwisha jua kwamba mtu haonyeshwi kwa kidole, alisimamisha mchi. "Huyo wa watu, mwanangu. Mimi niliokota tu, nikauza. Hata chumvi yenyewe ilikwisha zamani." Akaanza kutwanga tena kwa nguvu, kwa hiyo nikajua mazungumzo yamefungwa.

Nilisimama uchochoroni baina ya nyumba zile mbili, kalamu mkononi. Kanuni niliijua kuliko wote. Nilijua mtoto yule alilala wapi. Nasema ukweli ambao sikuuungama hata kwa padri: sikumwacha kwa kuwahurumia tu, niliogopa. Masista walinifundisha kwamba hayo ni ushirikina, nami darasani nilikubali na nikapata alama zangu. Lakini pale uchochoroni, mbele yangu mtoto mzima mwenye afya akilamba chaki, sikutaka mkono wangu uwe wa kwanza kumweka kwenye orodha. Nikaandika namba ya nyumba mlangoni, nikaendelea. Mtaa mzima nilizunguka naye. Alibeba chaki, akapiga hodi kwa sauti yake ya kizee, akala vitumbua kila uani tulikoingia, na kina mama wakamcheka na kumtania kwamba ndiye Bwana Shauri, mtawala wa wilaya. Jioni nilijumlisha karatasi zangu mara tatu na hesabu ikakubali. Wote walikuwamo, isipokuwa aliyeshika chaki.

Msimamizi alisema karatasi zangu ndizo safi kuliko zote. Alinibakiza bomani miezi kadhaa nisaidie kujumlisha mitaa mingine kabla vitabu havijapelekwa Dar es Salaam kwa treni, na Mwanaidi akafurahi kwa sababu kodi ya chumba ilimsaidia na maneno yetu yalikuwa yamezoeana. Hakuna aliyetaja tena habari ya kuhesabiwa. Jalala aliendelea kula huku akalala kule.

Mvua za kwanza zilikuja na surua. Ilianza mitaa ya stesheni, ikashuka. Ikamshika Jalala, na siku ya tatu ya homa Mwanaidi alivunja mwiko wote, akamlaza mtoto chumbani kwake na hakumruhusu Kalunde amchukue, na Kalunde alikaa kizingitini mwetu akimsihi: mrudishe kwangu, asijulikane alipo. Waligombana kwa minong'ono. Nilikwenda kumwita daktari msaidizi, alikuja, akatoa dawa, akanitazama kwa namna ya kuniambia nisitegemee. Jalala alikufa siku ya Alhamisi adhuhuri, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba hatukumsikia Mwanaidi akilia, tuliona tu mdomo wake. Wanaume walipokuja kumchukua wakauliza jina la mtoto. Mwanaidi alisema Jalala. Kalunde alikuwa ameinama pembeni akirudia neno moja, wa watu, wa watu, kama vile bado kulikuwa na nafasi ya kifo kugundua kimebeba mtoto siye na kumrudisha.

Matanga yalipoondoka, Mwanaidi alikuja mlangoni pangu. Nilikuwa nakunja gauni. Hakuingia.

"Luiza, ulimwandika?"

Niliweka gauni chini. Akaendelea mwenyewe, maneno yakimtoka bila kupimwa, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alisema anajua alinikataza. Alisema lakini mimi nimesoma, na watu waliosoma hufanya wanavyotakiwa na kazi hata wakiombwa vingine, na huenda nilimwandika tu, nikanyamaza. Alisema wale wanne hawana kitu duniani kinachoonyesha walipita, hata kitambaa, kwa sababu wazee walisema vitu vyao vichomwe. Akaniuliza tena kama nilimwandika.

"Nilimwandika," nikasema.

Akaingia, akakaa kitandani pangu, akashika mbao za kitanda kwa mikono yote miwili. "Basi yupo mahali," akasema, na hapo akalia kilio ambacho mvua ilikuwa imemnyima. Nilimshika mabega. Vitabu vilikuwa bado bomani siku ile, vilikaa wiki mbili zaidi kwenye kabati ninalolijua, na ufunguo ulikuwa mezani kwa msimamizi. Ningeweza kuongeza mstari mmoja. Nilikwenda mara mbili mpaka kwenye kabati. Lakini kumwandika miongoni mwa walio hai akiwa amekwisha zikwa niliona ni wizi wa aina nyingine, na mara ya pili msimamizi alinikuta, akaniuliza natafuta nini. Nikamjibu natafuta wino.

Boma lilipotangaza idadi ya mji, wanaume wa barazani walikesha wakibishana. Wengine walisema Mzungu ametupunja makusudi ili Dar es Salaam ionekane kubwa. Mshona kofia alitaka warudie upya. Mwanaidi aliniomba nimtajie namba ile polepole, akairudia mpaka akaikariri, yeye ambaye hakujua kusoma. "Na yeye yumo," akasema kila alipoimaliza. Sikuhama kwa ajili ya kazi tu mwaka ulipokwisha. Nilipewa shule Urambo na nikaipokea kwa mikono miwili, kwa sababu sikuweza tena kulala katika chumba kile na baridi ile mgongoni.

Lakini mtu hamkimbii anayempenda. Kila nilipoteremka Tabora nilifikia kwake. Alizaa wengine watatu, wakaishi, akawapa majina mazuri na kuwahesabu hadharani, na sijui kama aliacha kuogopa au alichoka kuogopa. Kila serikali ilipohesabu watu, Uhuru ulipokwisha kuja na marais wakabadilishana, nilimkuta na redio. Alikuwa akiniambia mji umekua, Luiza, umeongezeka sana, na zile namba mpya zote zimekaa juu ya ile ya kwetu ya kwanza. Kwake miji yote ilijengwa hivyo. Mtu akiwekwa chini kabisa hatoki tena. Mara nyingi nilifungua mdomo. Nilikuwa mwalimu, nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo, na kila mara niliishia kuuliza habari za watoto.

Mwaka huu, kabla ya mfungo, walinipigia simu kwamba amelala na hataki kula. Nilimkuta katika chumba changu cha zamani, maana kilikuwa karibu na choo. Kitanda cha kamba hakipo, kuna godoro zuri na feni. Alinitambua kwa harufu, nadhani, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha. Nilimwamkia shikamoo kama kawaida yetu ya utani, naye akaitikia marahaba. Binti yake alipotoka kwenda kuchemsha uji, Mwanaidi alinivuta kanga.

"Kwenye kile kitabu uliandika Jalala," akasema. "Lile si jina lake. Atakapoitwa huko hatageuka." Akanisogeza mpaka sikio langu likamgusa mdomo, akalitaja jina, mara moja tu. "Kalisahihishe."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia. Nilijua hapatakuwa pengine. Nilianza, nikasema Mwanaidi, kuna jambo. Akasubiri kwa subira yake yote, uso umenielekea, na katika uso ule sikuona hata chembe ya shaka. Nikamwambia, "Nitalisahihisha." Akanipapasa mkono kama mtu aliyemaliza kufunga mzigo. Binti akaingia na uji, na safari hii alikunywa. Alikufa siku ya nne.

Kwa hiyo Benedikti na orodha yake hawakunifariji. Kila anapotaja mji na mamilioni yake najiuliza ni mitaa mingapi ina uchochoro kama ule, na ni makarani wangapi walisimama hapo. Kitabu cha serikali siwezi kukifikia, na hata ningekifikia, hakuna mstari wa kusahihisha. Nina daftari hili tu la shule, nami bado nina mwandiko mzuri. Nimejaza safu kama nilivyofundishwa, kwa kanuni ile ile, bila kuuliza mtoto alikuwa wa nani.

Tabora mjini, nyumba ya kwanza mtaani, chumba cha mwisho karibu na ua. Zainabu binti Ramadhani. Mwanamke. Miaka minne. Usiku wa kuamkia siku ya hesabu alilala kwangu.